Ukuta Unaotutaja

Risala ya Kikundi cha Vijana wa Zizi, Garsen, kwa mgeni rasmi, siku ya kufunguliwa kituo kipya

Mgeni rasmi, wakuu wa idara mliofuatana naye, machifu, masheikh na mapasta, Sista Christine wa kliniki yetu, wazazi na wakazi wa Garsen: tunawasalimu nyote, kila mmoja kwa salamu ya dini yake.

KARIBU GARSEN

Karibu, Mheshimiwa. Tunajua umetoka mapema, na barabara umeiona mwenyewe, hatuna la kuongeza. Maji uliyowekewa mezani ni baridi, hilo tulilihakikisha. Joto ndilo hatuna uwezo nalo.

Tunaomba radhi kwa mambo mawili. Ofisi iliyoandaa sherehe ilitaka risala ya ukurasa mmoja. Tulijaribu, tukashindwa. La pili, utaona viti vya mbele, vile vilivyofungwa utepe mweupe na kuandikwa "Wanufaika", vimebaki vitupu isipokuwa kile alichoinukia huyu anayesoma. Usidhani hatukuja. Tumekuja sote, tumeoga, tumevaa vizuri, na tunakusikiliza.

Anayesoma anaitwa Dado. Risala tuliiandika pamoja, na ndani yake Dado anatajwa kama mtu mwingine, kwa sababu habari zake ndizo habari zetu nyingi, na kuzisema kama zake mbele ya watu kulimshinda. Tulipomwuliza kama tuzitaje alisema, "Andikeni tu. Mimi nishaonekana tayari." Wengine utakaowasikia tumewapa majina yao ya mchezoni, mchezo wa tableti tutakaokueleza. Kuna Kamongo, kuna Bajia, kuna Mamba. Ni watu, Mheshimiwa, si vitu vya kuliwa wala vya kutukimbiza mtoni.

TULIKOTOKA

Sisi ni vijana tunaoishi na VVU. Wengi wetu tulizaliwa navyo. Tunatoka Ozi, Kilelengwani, Hewani, hapa mjini, na kwenye maboma ya wafugaji yaliyotapakaa huko nyikani. Tulijuana kwenye foleni ya dawa, ambako kila mtu anatazama chini akijifanya anasoma simu.

Halafu ukaja mradi mmoja na tableti zenye mchezo wa kutuliza akili. Mwanzoni ulikuwa mchezo wa bustani ya maua. Unalimwagilia ua, linachanua, unaambiwa upumue polepole. Tulicheka sana siku hiyo. Nani huku amewahi kukosa usingizi kwa sababu ya ua? Dado, ambaye amekulia nyuma ya ng'ombe, ndiye aliyewaambia wenye mchezo, "Tupeni ng'ombe." Kamongo naye akasema yeye hawezi kutulizwa na ng'ombe, ng'ombe ndio wanaomwamsha usiku shambani kwao, anataka mahindi na migomba. Tukabishana kama wanavyobishana wazee wetu kila kiangazi, mpaka wenye mchezo wakaweka vyote viwili na mto katikati.

Basi ukawa hivi. Kila mmoja ana ng'ombe wake au shamba lake, na zizi ni moja. Ukifika unawanywesha, maana wasiponyweshwa wanadhoofu na kulala, kisha bibi mmoja aliyeketi mlangoni anakuuliza umeshindaje. Unagusa uso wa furaha, wa uchovu, wa hasira, au ule wa mwisho ambao hatupendi hata kuutaja. Na liko jambo moja tuliloliomba sisi, nalo ni kukabidhi. Ukiwa na safari unambonyezea mwenzako, ng'ombe wako wanabaki mikononi mwake. Maana hapa kwetu hakuna mfugaji anayeondoka bila kusema mifugo inabaki na nani. Asiyekabidhi ni mtu aliyepatwa na jambo.

Tulichezea stoo ya nyuma ya kliniki, panapowekwa vyandarua na unga wa watoto. Hapakuwa na dirisha la maana. Lakini mlango wake ulikuwa upande wa chanjo, na ukiulizwa njiani unakwenda wapi unasema, nakwenda kuchukua neti. Garsen nzima inaumwa na mbu, kwa hiyo hakuna aliyekuuliza mara ya pili.

TULICHOPATA

Takwimu anazo Sista Christine, naye atakupa. Sisi tunaweza kusema yale tuliyoyaona. Zamani mshauri akituuliza habari tulijibu "sawa" wote, hata aliyekuwa hajala wala kulala. Bajia alimjibu ukweli yule bibi wa mchezoni kabla hajamjibu mtu yeyote mwenye masikio. Aligusa ule uso wa mwisho. Kisha akamwambia Kamongo, na Kamongo, ambaye hajui kunyamaza, akamshika mkono wakaenda kwa Sista. Leo Bajia ndiye anayetugombeza tukichelewa kumeza dawa.

Na mwenzetu Mgiriama, mtoto wa wakulima, alijifunza kunywesha ng'ombe, na mtoto wa wafugaji akapanda mahindi akayalinda na ng'ombe wake mwenyewe. Wazazi wetu wakiona hilo watashangaa, ila hawawezi kuliona, kwa sababu wengi wao hawajui tunakwendaga wapi.

NG'OMBE WA DADO WALIPOLALA

Dado alilelewa na nyanya yake. Yule mama alijua kila kitu. Alikuwa akimwekea dawa kwenye kifuniko cha chupa ya chai na kusimama hapo mpaka ameze. Alipofariki, Dado akachukuliwa na shangazi yake, mwanamke mchapakazi mwenye watoto wadogo wengi. Shangazi aliambiwa dawa zile ni za kifua. Dado hakuweza kusimamiwa tena na mtu. Akawa anazimeza, halafu akawa anazisahau, halafu akawa hazisahau ila anaziangalia tu. Kwa nini nimeze, alijiuliza, na aliyekuwa akitaka niishi ameshazikwa? Hakumwambia mtu swali hilo. Akawa analala ameuelekea ukuta, akaacha kuja stoo.

Mamba ndiye aliyeona. "Oya, ng'ombe za Dado zimelala," alisema. Tukasogea kwenye tableti yake. Walikuwa wamelala zizini, mbavu zimetoka, na hawakukabidhiwa kwa yeyote. Kamongo akasema labda tableti imeharibika, labda amesafiri. Mamba, ambaye naye ni wa boma, akamjibu, "Amesafiri na hajakabidhi? Dado? Huyu msee ana shida."

Hatukumwuliza mtu mzima. Tulikodi pikipiki, tukaenda Kamongo, Bajia na Mamba, na tulipokaribia boma Mamba akaanza kumwita Dado kwa jina lake kwa sauti kubwa, kwa sababu ndivyo anavyotafutwa mchungaji wa ng'ombe aliyepotea. Unaita ukiwa bado mbali, ili kama yu hai ajue anatafutwa. Dado alisikia akiwa amelala. Alidhani anaota, kisha akadhani kuna mtu mwingine wa jina lake aliyepotea, akamwonea huruma.

Boma zima likatoka. Shangazi akatukaribisha vizuri, akatandika mkeka, akauliza, "Nyinyi watoto, mnajuana wapi na huyu?"

Katika haraka yote ile hakuna aliyekuwa amepanga jibu. Kamongo akasema shuleni. Bajia akasema kwenye mpira. Mamba, kwa kuchanganyikiwa, akasema kanisani, na ni boma la Waislamu, na yeye mwenyewe ni Muislamu. Dado, ndani, na unyonge wote ule, alitamani kucheka. Kisha Bajia akachungulia, akamwona alivyokonda, akasahau alipo. Akasema mbele ya watu wote, "Dado, umeacha dawa?"

"Dawa gani?" shangazi akauliza. "Si ya kifua?"

Kamongo akaingia ndani kumwinua Dado, na jibu likawa hilo.

Siku hiyo Dado alifikishwa hospitali. Daktari alisema tungechelewa kidogo tusingemkuta. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ukisikia watu wakiuliza mchezo wa tableti unaweza kumsaidia nani, waambie waje wamtazame huyu aliyesimama mbele yako anasoma.

Lakini alirudi boma ambalo sasa linajua. Shangazi hakumfukuza, wanaosema alifukuzwa wanaongeza chumvi. Alimtengea kikombe. Cha bati, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mshikio. Na jioni kibuyu cha maziwa kilipozunguka, kilipofika kwa Dado mkono uliokishika ulimruka ukampa aliyeketi baada yake. Hakuna aliyesema neno baya. Watoto waliokuwa wakimpanda mgongoni waliitwa ndani kila walipomsogelea. Dado alivumilia akiamini watazoea. Halafu asubuhi moja akajikuta anatafuta kile kikombe chake mwenyewe, kwa hiari yake, ili asimtie mtu wasiwasi. Akaona akikaa zaidi ataanza kukubaliana nao. Akahama.

Siku hizi analala kwa mtu mmoja mwema hapa mjini ambaye hatutamtaja. Juzi shangazi alimtumia maziwa katika chupa ya soda. Dado aliyanywa yote, akaiosha chupa, na mpaka leo iko dirishani, kwa sababu hajui kama inatakiwa irudi au la, na anaogopa kuuliza.

YANAYOTUKOSESHA USINGIZI

Sasa tunafika kwenye jengo, na tunaomba utuvumilie. Ni jengo zuri. Lina feni, lina sakafu ya vigae, lina madirisha makubwa ya vioo. Limejengwa pale stejini yanaposimama magari ya Lamu na ya Malindi, ambapo kila mama wa samaki na kila mwenye pikipiki anakaa kutwa. Na kwenye ukuta unaotazama barabara wameandika kwa rangi nyekundu, herufi ndefu kuliko mtu: KITUO CHA VIJANA WANAOISHI NA VVU.

Aliyepanga alitaka kutuheshimu. Hilo tunalijua, na si yeye aliyelala akitazamwa na kikombe. Lakini tangu rangi ile ikauke, zizini ng'ombe wanalala. Mmoja wa Ozi amesema yeye basi. Mwenzetu mwingine ameposwa, na mama mkwe wake mtarajiwa anauza mahamri pale pale stejini. Tunaambiwa stoo ya neti itafungwa kesho, na tableti zitafungwa minyororo kwenye meza za jengo jipya, mbele ya vioo. Mheshimiwa, akipotea mmoja wetu mwezi ujao, nani atajua kwamba ng'ombe wake wamelala, ikiwa hakuna aliyethubutu kuingia kuwatazama?

Hatulali vizuri. Tunaandikiana usiku, tunagombana kwa vitu vya kijinga. Kamongo alitaka tususie sherehe. Bajia alitaka tuje na rangi nyeupe tukapake wenyewe kabla hujafika. Dado akasema, "Hapana. Mimi nitasoma. Mwambieni tu."

TUNACHOOMBA

Tunaomba maneno yale yafutwe. Yafutwe leo, ukiwa bado Garsen, kwa sababu ukishavuka daraja tutaambiwa tungoje bajeti.

Hatukatai jengo. Tunaomba liwe la vijana wote wa hapa. Wawekewe mpira wa kwenye skrini, wawekewe intaneti, waje wapige kelele, nasi tuingie katikati yao na ng'ombe wetu, tusitambulike. Kelele zao zitatufaa kuliko kimya cha kupewa peke yetu. Stoo ya neti isifungwe mpaka tuzoee. Tunaomba pia mshauri wa hapa hapa, anayejua Kiorma na Kipokomo, maana yule wa kutoka Malindi mafuriko yakikata barabara hatumwoni, na huzuni haingojei maji yapungue.

Na kwenye ratiba, baada ya risala hii, imeandikwa kwamba wanufaika watapita mbele mmoja mmoja kupokea zawadi kutoka mkononi mwako huku wakipigwa picha. Tunakuomba uiruke sehemu hiyo. Zawadi mpe Sista Christine. Tutazipata.

DUA NA KUAGA

Mwenyezi Mungu akujaalie safari njema, akukutanishe na watu wako wakiwa wazima, na asikufikishe siku ya kutazama mkono wa ndugu yako ukikuruka. Amlaze pema nyanya yake Dado. Shangazi yake pia tunamwombea heri, kwa sababu hakufundishwa na mtu, alishtuliwa tu.

La mwisho ni dogo, lakini ndilo tulilolijadili kuliko yote. Dado akimaliza kusoma hatarudi kwenye kiti chake cha utepe. Atashuka, apite katikati ya watu, akasimame kule nyuma. Tunawasihi wenye kamera wasimfuate, nawe Mheshimiwa usigeuze shingo, kwa maana atakaokwenda kusimama nao ndio sisi.

Wako watiifu,
Vijana wa Zizi, Garsen.