Noeli Ndahani Chitema, Dereva Aliyesimama Ilolwe
(1944–2003)

Ndugu waombolezaji, huyu tuliyekuja kumsindikiza alizaliwa hapa hapa Ilolwe, tarehe 12 Juni 1944. Alikuwa mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Ndahani Chitema na Bibi Zipora, ambao wote wametangulia mbele za haki. Nyumba yao ilikuwa hatua mia mbili kutoka relini, na Bibi Zipora alipenda kusema kwamba mwanawe alijua mlio wa treni kabla hajajua wa jogoo.

Alisoma shule ya misheni hapa kijijini kuanzia 1953, kisha shule ya kati Mpwapwa, alikomaliza darasa la nane mwaka 1960. Kila muhula alipanda treni hadi Gulwe na kumalizia safari kwa miguu, sanduku la bati kichwani.

Mwaka 1963 aliajiriwa reli mjini Dodoma kusafisha injini. Akapanda kuwa mchochea moto enzi za mvuke, akapelekwa mafunzoni Tabora, na mwaka 1975 akakabidhiwa treni yake mwenyewe. Wakati huo alikwisha funga ndoa na Miriam Lemabi, binti wa Gulwe, tarehe 5 Septemba 1970. Waliishi Chang'ombe, Dodoma, na Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kwa miaka mingi marehemu aliendesha treni ya kawaida, ile iliyosimama kila kituo. Asubuhi ilibeba nyanya na kuku wa akina mama wa Ilolwe, wanafunzi, na wale wenye kazi za ofisini mjini, jioni iliwarudisha. Mwaka 1994 mambo yakageuka. Mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameshika kasi barabarani, na reli nayo ikaleta treni ya haraka. Safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma ikapungua kwa saa tatu. Treni ya kawaida ikaondolewa, ikabaki ya mchanganyiko, mabehewa ya mizigo na mawili ya abiria, Jumanne na Ijumaa tu. Aliyetoka Dar es Salaam alifika Dodoma mapema. Aliyetoka Ilolwe alitembea saa tano kuifuata barabara ya malori. Joha, aliyekuwa mpiga chapa mjini, alihamia chumba cha kupanga akawaacha wanawe kwa mama yake. Wanafunzi kadhaa waliacha shule.

Treni hiyo ya haraka alipewa marehemu, kwa sababu alikuwa dereva hodari. Alifurahi, hatufichi. Ila kila alipopita hapa alipiga honi, na mama yake alitoka nje kumwangalia. Siku ya likizo Bibi Zipora alimwambia, "Noeli, siku hizi shikamoo unanipigia kwa honi. Nami marahaba nikuitikie vipi, na umeshafika Dodoma?" Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Asubuhi ya tarehe 9 Machi 1995, akitokea Morogoro, aliona watu wamezunguka kitanda cha kamba kando ya reli. Juu yake alilala Dorkasi, jirani yetu, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa kwa siku mbili. Hakuna aliyesimama relini wala aliyepunga kitambaa. Walikuwa wamekaa tu, wakingoja kudra ya Mungu. Marehemu akashika breki.

Batholomeo, msaidizi wake, akasema, "Mzee, hapa haturuhusiwi kusimama."

"Najua. Andika saa."

Treni ilipitiliza kituo kabla ya kutulia, ikabidi kitanda kibebwe mbio kando ya mabehewa. Ilisimama dakika sita. Hospitalini Dodoma mtoto hakupona. Dorkasi alipona, na yuko nasi hapa leo.

Wenzake walimshauri aandike kwamba ng'ombe walikuwa njiani. Yeye aliandika kwamba alisimama kwa hiari yake, kupakia mgonjwa. Akaondolewa kwenye treni ya haraka, na mshahara ukashuka. Mkewe alimwuliza, "Baba Elieth, ng'ombe tu, ungepungukiwa nini kuwaandika?"

Akajibu, "Nikiandika ng'ombe, mama, watasema wafugaji wafunge ng'ombe wao. Nikiandika Dorkasi, huenda wakasema treni isimame."

Treni ya haraka haikusimama. Lakini mwaka 1997 wanakijiji walipopeleka maombi yao, waliambatanisha nakala ya maelezo yake, na treni ya mchanganyiko ikaongezewa siku ya tatu, Jumapili. Marehemu aliomba kuiendesha yeye, akaiendesha hadi alipostaafu mwaka 1999 na kurudi kuishi hapa Ilolwe. Binti yake Elieth, anayewasomea wasifu huu, alingoja mwaka mzima kuingia chuo cha ualimu kwa sababu ya mshahara ule. Hakumsamehe baba yake upesi. Alimsamehe siku alipopanda treni hiyo kwenda kuripoti kazini, akaona jinsi abiria walivyomwita dereva kwa jina.

Tangu 2001 kisukari kilimsumbua, kikamwondolea mguu wa kushoto mwaka jana. Alifariki Jumamosi, tarehe 1 Februari 2003, saa nne asubuhi, nyumbani kwake hapa Ilolwe, mkewe akimshika mkono.

Ameacha mjane, Miriam, watoto watatu, Elieth, Tumsifu na Msafiri, wajukuu wanne, na ndugu zake wawili.

Waombolezaji wa Dodoma mnaombwa kuwa kituoni saa kumi jioni. Leo ni Jumanne. Treni ikishaondoka, hakuna nyingine hadi Ijumaa.

Bwana aliyempa kazi na ampe sasa pumziko lake. Amina.