Shuka Utazame: Maisha ya Kaka Yangu na Mashine ya Mahindi

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa niaba ya familia naomba niwasomee maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Shuka Utazame, na baadhi yenu mlimwogopa kabla ya kumpenda.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya matofali nyuma ya karakana ya matrekta, akasoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1966 hadi 1972, kisha chuo cha ufundi, na Mei 1977 akaajiriwa kuendesha mashine ya kuvuna mahindi katika shamba lililo ng'ambo ya mto.

Msimu ule wa kwanza alikuwa na haraka, akaiendesha ngoma ya kupukuchulia kwa kasi, shehena yake ikakataliwa ghalani kwa kuwa punje nyingi zilipasuka, na aliyeikataa, bila hata kumtazama usoni, ni mkaguzi wa nafaka, shemeji yangu huyu aliyeketi mbele yetu. Tangu hapo kaka alivuna kidogo, akazima, akashuka, akapiga magoti nyuma ya mashine: punje zikibaki kwenye magunzi, aliusogeza wavu wa chuma ulio chini ya ngoma ukaribie ngoma, zikipasuka, aliipunguza ngoma mwendo, akibadilisha kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha akavuna tena kidogo na kushuka kutazama. Kila shehena aliipeleka yeye mwenyewe kwa mkaguzi, hata ya dereva mwingine, mpaka sote tukaelewa kwamba anamfuata yule mkaguzi, wakafunga ndoa tarehe 8 Agosti 1981.

Walijaliwa watoto watatu, na binti yao mkubwa ndiye aliyerithi usukani, ingawa kaka, mbishi kama mnavyomjua, hakuwahi kumwambia kwamba ameweza.

Mwaka 2021 kisukari kilimnyang'anya macho, na Juni mwaka huu wa 2023 figo zikachoka. Mavuno yalipoanza, binti alimletea kitandani kila jioni konzi ya mahindi, naye akiyapapasa aliagiza ngoma ipunguzwe, wavu usogezwe, na mwanetu alirudi shambani amenuna, lakini akafanya. Jioni ya tarehe 21 Agosti alizipapasa punje moja moja, akarudia, hakupata iliyopasuka, akamwambia mwanawe ameweza, asiguse kitu tena. Akalala nazo mkononi, na asubuhi tukakuta ametutoka, kiganja kimefumba. Shemeji alikifungua taratibu, akazipeleka dirishani penye mwanga, akazikagua zote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na madereva wenzake waliozima mashine leo ili wawe nasi.

Kaka, mkaguzi ameipokea shehena yako, hakuna tena cha kushuka kutazama, pumzika sasa kwa amani.