Mama Viti na Sentimita Tano

Tulipoteza chombo chetu cha pili cha anga, cha majaribio, siku ya Jumanne, tarehe kumi na moja Februari mwaka jana, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Ndani hamkuwa na mtu, ila midoli sita ya majaribio, kila mmoja kilo sabini na tano. Ijumaa hii, tarehe ishirini na nne Aprili, baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne ya kazi, anastaafu fundi mkuu wa viti, ambaye ripoti ya kamati ya uchunguzi inasema viti vyake ndivyo vilivyotupotezea chombo hicho. Ripoti hiyo si ya kweli. Nimeombwa niandike wasifu wake katika jarida hili la wafanyakazi kwa sababu nasifiwa kwa kuandika kwa ufupi, na siwezi kuuandika bila kuanzia hapo.

Wengi wetu hatumjui kwa jina jingine ila Mama Viti. Alipoajiriwa, kampuni hii ilikuwa banda moja la kukarabati ndege ndogo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kushona upya viti vinne vilivyoliwa na panya. Alikuwa na cherehani moja, mkasi wake mwenyewe na futi ya kamba shingoni. Futi hiyo ameivaa hadi leo. Wapya humwona wakadhani ni daktari.

Tulipoanza kuunda vyombo vya kupeleka abiria juu ya anga na kuwarudisha, miaka kumi na mitano iliyopita, wahandisi walidhani yeye atabaki na ndege. Mmoja wao alimwita fundi wa makochi, mbele za watu, kwenye foleni ya chai. Alimjibu bila hata kugeuka: "Kochi ni kazi ngumu, mwanangu. Wewe unarusha chuma, mimi narusha viuno vya watu. Chuma hakina mke wa kukuuliza kilivyorudi." Foleni nzima ilicheka, na mhandisi mwenyewe akamwachia nafasi mbele yake.

Kwa wasiojua safari yetu ilivyo: kuanzia injini inapowaka hadi miavuli inapofunguka ni dakika kumi na moja. Dakika nne kati ya hizo abiria anaelea, anatazama dirishani, anaiona dunia imejipinda. Hizo ndizo tunazouza. Lakini mtu hasifu safari kwa dakika nne, anaisifu kwa namna alivyoshuka. Wakati wa kurudi, mwili hulemewa mara nne na nusu ya uzito wake. Ukiwa umekaa wima, mzigo huo wote unashuka kwenye uti wa mgongo. Ukiwa umelala, unagawanyika kifuani na mgongoni, na unaweza kuuvumilia. Kwa hiyo Mama Viti alibuni kiti kinachokaa wima wakati wa kupanda, kisha kinalala chenyewe kabla ya kushuka. Kilo kumi na moja zaidi ya kiti cha kawaida. Nilimpigia kelele kwa kilo hizo, maana kazi yangu ni hesabu ya uzito. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Sawa, mdogo wangu. Sasa kaa."

Nikakaa. Kila mtu katika kampuni hii amewahi kuambiwa "kaa". Ana daftari la migongo mia nne na kumi na miwili: wapishi, walinzi, mkurugenzi, wajumbe wa bodi waliokuja kutembea tu. Amempima hata mume wake, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye maumivu ya kiuno ya miaka mingi. Mwalimu aliwekwa kwenye kiti cha kwanza kabisa saa tano asubuhi, kikalazwa, akalala usingizi mpaka saa tisa. Mama Viti aliandika daftarini: "Kinafaa. Anakoroma."

Hayo si mambo ya kuchekesha peke yake. Orodha yetu ya wateja kabla ya ajali ilikuwa na watu mia tatu na kumi na wanane. Wastani wa umri wao ni miaka hamsini na saba, kwa sababu anayeweza kulipia safari hii ni mtu aliyekwisha kufanya kazi maisha yake yote. Mia moja thelathini na mmoja wamevuka sitini. Chombo kinachukua sita. Tukiruka mara arobaini kwa mwaka, tunabeba mia mbili na arobaini, yaani orodha yote inaisha kwa mwaka mmoja na miezi minne. Baada ya hapo wateja watatoka wapi? Watatoka kwa wale walioshuka wakitembea kwa miguu yao, wakamwambia shemeji, wakamwambia jirani. Biashara hii yote, pamoja na injini na madirisha tunayoyapiga picha, imekalia kiti. Mama Viti alilijua hilo miaka kumi kabla ya idara ya masoko.

Sasa nije kwenye ile Jumanne, na hapa naandika huku nikiona haya.

Mimi sikusoma chuo. Hesabu nilijifunza kwenye mizani ya ghala, nikipima magunia getini, na kwa mizani nimepanda hadi kuwa mkuu wa idara. Kabla ya kila safari ya majaribio, chombo husimamishwa juu ya mizani tatu, moja chini ya kila mguu, na kwa namba zile tatu mimi hupata kitovu cha uzito. Kitovu hicho kinaruhusiwa kuhama sentimita tatu. Kikizidi, chombo kinakosa utulivu.

Viti sita vililetwa vimefungwa wima kwa ajili ya usafiri. Kwenye mkono wa kiti cha kwanza Mama Viti alikuwa amefunga karatasi kwa uzi wa bluu: "Pima mara mbili. Vikiwa wima, halafu vikiwa vimelala." Nilifungua fundo, nikasoma. Kukilaza kiti kimoja kwa mkono, chombo kikiwa hakina umeme, ni dakika saba. Viti sita, dakika arobaini na mbili. Ukumbi wa mizani ulikuwa unasubiriwa na watu wa injini, na msimamizi wao alikuwa mlangoni akiniuliza kama nimehamia humo. Nikajiambia kile ambacho ghala lilinifundisha: gunia likisimama au likilala, kilo ni zile zile. Nikapima mara moja, nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Kilo kweli ni zile zile. Mahali pake si pale pale. Mdoli na sehemu ya kiti inayolala ni kilo tisini. Vikilala viti sita, kilo mia tano na arobaini zinarudi nyuma sentimita thelathini na moja. Chombo wakati wa kushuka kina kilo elfu tatu mia tatu arobaini na nane. Gawanya mwenyewe: kitovu kinahama sentimita tano kamili. Viti vililala kama vilivyobuniwa, kwa sekunde ile ile iliyopangwa. Pua ikainuka, chombo kikaanza kupinduka, miavuli ikafunguka ikiwa imejisokota.

Hesabu hiyo niliifanya siku ya tatu, kwa kalamu, nyuma ya fomu ya likizo. Ilichukua dakika mbili.

Kamati iliniita siku ya sita. Mwenyekiti aliniuliza kama viti vililetwa na maelekezo yoyote ya upimaji. Mama Viti alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu, futi shingoni. Nilisema, "Sikumbuki." Akaulizwa yeye. Alisema aliandika karatasi, akaifunga kwa mkono wake. Wakamwuliza nakala iko wapi. Hakuwa nayo. Ripoti ikatoka na sentensi moja ambayo wote mmeisoma: chombo kilipotea kwa sababu ya kuhama kwa viti kusikotarajiwa. Tulipotoka pale, alinikuta kwenye korido nimeegemea ukuta. Akaniuliza, "Umekula, mdogo wangu?"

Nilikaa na lile swali miezi kumi na mitatu. Katika miezi hiyo karakana yake ilipunguzwa kutoka mafundi tisa hadi wawili. Kiti chake kiliondolewa kwenye chombo cha tatu, pakawekwa kiti kisicholala, na mimi nikapongezwa kwenye mkutano kwa kuokoa kilo sitini na sita. Nilisimama, nikapigiwa makofi. Mama Viti naye alipiga. Kitengo cha tiba kimekwisha kuandika kwamba kwa kiti hiki kipya aliyevuka miaka sitini asipande. Mia tatu na kumi na wanane toa mia moja thelathini na mmoja. Mnaona tulichookoa.

Wiki tatu zilizopita, siku ya mapumziko, nilivitoa stoo viti vyake sita vya akiba, nikavipanga ndani ya chombo cha tatu badala ya vile visivyolala, pamoja na midoli, nikavipima wima, kisha nikavilaza kimoja kimoja kwa mkono. Dakika arobaini. Zimepungua mbili, kwa sababu safari hii hakukuwa na mtu wa kunisumbua. Sentimita tano. Ukisogeza betri mbili kutoka nyuma kwenda mbele, inabaki moja na nusu, na kiti chake kinaruka bila kubadilishwa hata mshono. Nilimpelekea mwenyekiti wa kamati namba hizo, pamoja na ile karatasi, na barua yenye jina langu inayosema nilidanganya.

Alisoma vizuri, sikatai. Kisha akasema, "Bwana Mizani, ripoti imefungwa. Tukiifungua, wateja watauliza ni nini kingine tulichokosea. Na mama mwenyewe anaondoka, ana shida gani tena?"

Nilikwenda karakana. Mama Viti alikuwa anafungasha mikasi kwenye boksi la viatu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana hakuniambia kaa. Alisema alijua tangu siku ile: fundo lake halikatiki kwa mtikisiko, linafunguliwa na mikono ya mtu, na mikono iliyokuwa ndani ya ukumbi ule ilikuwa yangu. Nikamwuliza kwa nini hakusema. "Niseme mimi ili iweje, neno langu dhidi ya lako? Wangechagua la mwenye mizani." Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza: "Samahani yako iweke, nitaipokea nikipata nafasi. Mimi nataka kiti changu kirudi ndani ya chombo. Hao wazee watapanda na viuno vyao."

Kwa hiyo wasifu wa Mama Viti ni huu. Amehudumu miaka ishirini na saba na miezi minne. Amebuni aina tano za viti, na hakuna hata kimoja kilichoshindwa kufanya kazi yake, kikiwemo kile cha tarehe kumi na moja Februari. Amefundisha mafundi kumi na saba. Hakuwahi kuchelewa zaidi ya mara moja, siku ambayo mume wake alikataa kuamka kwenye kiti cha majaribio alichokuwa amekipeleka nyumbani bila kibali. Tunamshukuru kwa mikono yake, kwa ulimi wake, na kwa subira ambayo mimi sikuistahili. Tunamwombea siku ndefu zenye usingizi mzuri, mgongo usiouma, na watu wa kuwaambia "kaa".

Mwenyekiti wa kamati, jarida hili linatoka leo Jumatatu, nawe ni msomaji wake. Hafla ya kumuaga ni Ijumaa saa kumi jioni, na faili lake la utumishi linafungwa mchana wa siku hiyo, sentensi ile ikiwa ndani. Barua yangu unayo, karatasi unayo, namba unazo. Adhabu yangu ipange utakavyo, sitabishana nayo. Ninachokuuliza ni kimoja: sentensi ile inafutwa, na kiti chake kinarudi kwenye chombo cha tatu, au hapana? Usiniandikie kwamba umepokea. Niandikie ndiyo au hapana, kwa sahihi yako, kabla ya Alhamisi saa tisa alasiri.