Mzee Javan na Neno Aliloliruka

Jumatatu tarehe 30 Juni 1969, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mzee Javan Omuga, mkalimani wa wagonjwa wa nje, anatuachia kiti chake. Kiti chenyewe kimelegea mguu mmoja, na ombi la kukitengeneza liko kwa katibu tangu mwaka jana. Nimeombwa niandike mimi, Suleman wa chumba cha dawa. Nadhani ni kwa sababu dirisha langu linatazamana na mlango wake, na nimemlalamikia kuliko mfanyakazi mwingine yeyote.

Aliajiriwa mwaka 1938 kufagia. Siku moja mkalimani wa wakati huo hakuja, bibi mmoja Mkuria analia na hakuna anayemwelewa. Javan akaegemeza ufagio ukutani, akatafsiri. Hakuurudia tena. Anajua Kijaluo, Kikuria, Kikisii, Kiswahili, na Kiingereza cha kutosha kumsahihisha Daktari.

Zamani sifa yake ilikuwa kasi. Wagonjwa sitini kabla ya chai ya saa nne, wallahi! Mgonjwa ataeleza robo saa nzima, Javan amgeukie Daktari na neno moja: tumbo. Tulimpenda sana kwa hilo, mimi hasa.

Oktoba 1962 Benta wa Uriri alimleta mumewe, Cephas, fundi cherehani. Hapa wageni kama mimi tunahitaji kuelezwa. Mjaluo akiumwa kichwa husema wiya bar, yaani kichwa changu kinapasuka. Atasema hivyo kwa malaria, kwa mafua, hata kwa kelele za watoto. Javan alikuwa amelisikia maelfu ya mara, na kila mara alimwambia Daktari kwamba kichwa kinauma, na hakukosea. Lakini Cephas hakusema hivyo. Alisema wiya omuoch: kichwa changu kimelipuka, ghafla, akiwa ameketi kwenye cherehani. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Javan akasema kichwa kinauma. Daktari akaandika malaria, mimi nikatoa klorokwini na aspirini, na siku ya tatu Cephas akafia nyumbani. Daktari wa serikali aliyeupasua mwili alikuta damu imevujia kwenye ubongo.

Benta akaishtaki hospitali. Alisema mumewe alieleza wazi kilichompata, nasi tukapuuza. Wakili wetu alikuwa na kadi yenye muhuri: kichwa kinauma, malaria. Mashemeji wa Benta nao walikuwa wameanza kusema kwamba alichelewa kumleta mume na sasa anatafuta wa kumlaumu. Asingeaminiwa, angerudi Uriri na jina hilo na kuzeeka nalo. Mwaka 1964 Javan akaitwa kama shahidi wetu. Alitakiwa tu kusema kwamba kadi ni sahihi, kazi ya dakika mbili.

Alisimama kizimbani karibu siku nzima. Alisema Benta anasema kweli, kwamba neno lilikuwa omuoch, na kwamba aliyelipunguza ni yeye mwenyewe, si Daktari, kwa sababu ya chai. Wakili wetu akaketi chini. Nilikuwepo. Niliona aibu, kisha nikaona fahari, kisha nikakumbuka nani alitoa aspirini. Mahakama ilimwamini Benta.

Bodi iliamua kumfukuza Javan. Ikatafuta mtu mwingine wa lugha tano kwa mshahara ule ule, ikaghairi.

Tangu siku ile ya kesi, jamani, Javan hutafsiri kila kitu. Mzee Nyamhanga alikuja na kikohozi, Daktari akapewa kikohozi pamoja na kisa cha punda aliyepotea, na rangi ya punda. Foleni ikafika langoni. Nililalamika kwa maandishi mara nne, bodi ikanunua mabenchi mawili. Halafu Machi 1966 akaja Jedidah, muuza samaki wa Oyugis. Katikati ya maelezo marefu kuhusu mkwewe, alitaja kwamba kichwa kililipuka alipoinama kuinua kikapu. Javan alilitafsiri neno hilo mara mbili, kisha akasimama mlangoni hadi Landrova ilipotoka na mgonjwa. Jedidah alipasuliwa Nairobi. Leo yuko sokoni, mzima, na malalamiko yake kuhusu mkwewe hayajapungua. Barua ya tano sikuiandika.

Alhamisi iliyopita Mama Benta alituletea koti jeusi la kumuaga Javan, alilolishona kwa cherehani ya marehemu mumewe. Hakuwahi kumpima. Alieleza kwamba siku ile mahakamani mtu huyu alisimama muda wa kutosha yeye kumpima kwa macho. Koti linampwaya kidogo, maana amekonda tangu 1964. Kisha mama huyo akamwambia mambo mawili kwa Kijaluo mbele yetu sote. Javan, kwa mazoea yake, akatutafsiria kwamba hajasahau. Kisha akaanza kufunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko idadi ya vifungo.

Miaka yangu hapa imenitosha kulielewa la pili. Alisema amemsamehe.

Ni neno la kwanza Mzee Javan kuliruka tangu kesi ile, nasi wafanyakazi wenzake tumekubaliana kutolifikisha kwa bodi. Ahsante, Mzee wetu, kwa miaka yote na kwa foleni zote. Nenda nyumbani kwa heri, upumzike, ule ushibe, uwe na siku nyingi njema. Na neno lile usitutafsirie. Ni lako.