Chanzo cha Visima Kukauka

Muuguzi aliyeketi nyuma ya binti na shangazi yake basini aliyasikia yote bila kutega sikio. Binti alikuwa amepakata tasnifu ya kuwasilishwa adhuhuri hiyo. Akifeli, anarudia mwaka.

"Shangazi, niliandika nusu ya visima vimekauka. Mwalimu akaandika pembeni, 'Chanzo?' Nami nimemweleza: ukame, ukataji miti, mpaka tamaa ya binadamu. Kurasa tisa!"

Shangazi akaguna. "Mwanangu, anauliza habari hiyo umeitoa wapi."

"Angetaka hivyo, si angeandika, 'Umeitoa wapi?'"

"Haya. Umeitoa wapi?"

Binti akageukia dirisha. Muuguzi, ambaye hayakumhusu, akajikuta anangoja jibu.

Basi likasimama langoni mwa chuo. Binti akainuka. "Shangazi, sasa na wewe unataka chanzo?"