Kisahani cha Pili

Zima hiyo redio, kitinda mimba wangu, uje ukae hapa miguuni pangu, na wewe dada yake urudishe mlango, maana nitakayosema leo sina pumzi ya kuyarudia. Na wewe kaka yao, usinisimamie pembeni kama mgeni. Ni wewe hasa niliyekuita.

Nyumba hii ni yenu nyote, asiuze mtu chumba bila wenzake. Hadubini yangu ya zamani apewe kitinda mimba, kwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kuifuta vumbi bila kuambiwa. Makoti meupe fanyeni matambara. Hayo yamekwisha, sasa tuje kwenye lililonikaa kooni.

Miaka yote mliyoniona narudi nikinuka spiriti, nilikuwa nakimbizana na kirusi kinachoingia ndani ya seli ya mtu, kikajilaza kimya, mpaka siku moja seli ile ikaanza kuzaana ovyo ikawa saratani. Tukachemsha magome ya mti, tukayachuja, tukayadondosha kwenye kisahani chenye seli za ugonjwa, na asubuhi tukazikuta zimekufa zote. Siku hiyo, wewe kifungua mimba wangu, uliniletea chakula maabara, ukachungulia kwenye hadubini, ukapiga picha kwa furaha. Nikakwambia ngoja, tazama na kisahani cha pili, cha seli nzima zisizo na ugonjwa wowote. Ukasema una haraka. Na cha pili nacho kilikuwa kimekufa chote. Ndiyo maana kwetu maabara hakuna anayefungua mdomo kabla hajatazama visahani vyote viwili. Kuua seli kwenye kisahani si kazi, hata siki ya jikoni inaua.

Haya nilikueleza mezani, mbele ya hawa wenzako, nawe ukaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Kumbe una mapipa ya magome nyuma ya duka lako, unajaza chupa, na kila chupa ina sura yangu, nimevaa koti, nacheka. Nimekasirika, na asiniambie mtu kwamba mgonjwa hapaswi kukasirika. Hilo la kuuza uso wa mama yako ningelisamehe. Lakini juzi kaja fundi cherehani wa pale kona, yule aliyewashonea sare za shule, kanishika mkono ananishukuru: "Mama, sindano za hospitali nimeziacha, nakunywa dawa yako." Amekonda, macho yamekuwa ya manjano, na uvimbe wake madaktari walikuwa wameanza kuuweza. Nikamwambia dawa hiyo si yangu, ni sumu. Akanionyesha picha yangu kwenye chupa, akanipapasa paji la uso, akadhani homa ndiyo inayosema.

Mimi nakufa kwa ugonjwa uleule niliousomea, na magome yamo humu humu kabatini. Mmenisikia nikiomba hata kijiko?

Nisogezeeni mto. Chupa zote zivunjwe, watu wasije matangani wakazikuta dukani. Na wewe, kifungua mimba, utakwenda kwa fundi, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulitazama kisahani kimoja, kisha umshike mkono umfikishe wodini. Nikikata roho kabla, mniache hapa hapa nilipo. Asichimbe mtu kaburi langu kabla fundi hajalazwa. Majirani wakiuliza maiti inangoja nini, msiwafiche.

Maji kidogo... basi, yatosha. Binti yangu, na wewe mdogo wake, nimewaridhia, Mungu awaweke pamoja, msigombane.

Na wewe... wewe ndiye uliyenifanya nikaitwa mama. Nakupenda, na hasira haijapungua, vyote viwili vimo humu kifuani. Radhi yako sijaitupa. Iko kule wodini, kitandani kwa fundi... kaichukue.

Usilie hapa. Nenda. Viatu... utavalia njiani.