Kisiwa Walichokisifu Wageni

Treni ilipotoka Ruiru, Zacharia alifungua gazeti la juzi. Siku hizo za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikikamata watu ovyo, mwenye akili alisafiri kama kiziwi. Lakini Mwanzia, mpishi wa hoteli ya maporomoko ya Chania, alikuwa akisifu kwa sauti kisiwa cha pwani walikotoka wageni wake: mahema yanatazama bahari, watu wanavua samaki na kutazama ndege.

"Kisiwa gani hicho?" akauliza mama aliyekaa kando ya mpishi.

Mwanzia akakitaja.

"Ndiko alikofungiwa kizuizini mwanangu Muigai, huu mwaka wa pili. Kuna maji ya kunywa huko?"

"Wageni hubeba yao kwa chupa, mama."

"Na waliopelekwa wakiwa na pingu?"

Treni ikasimama Thika. Mwanzia akawa wa kwanza kushuka.